Bima ya Mbwa wa Mhubiri

Barua ya kampuni ya bima ilikuwa ikifika mara moja kwa mwaka, katikati ya Oktoba, na kila mwaka ilimkuta Alfhild yuko barabarani. Mwaka huu alitoka na ufagio, akawa anafagia theluji kuzunguka nguzo ya sanduku la barua, theluji yenyewe haijafunika hata kisigino. Dereva wa posta alisimamisha gari, akamkabidhi barua mkononi, akamwambia kwamba wilaya nzima hajaona sanduku linalotunzwa kama hili. Alfhild alimshukuru, akaisokomeza barua chini ya sweta, kisha akaendelea kufagia kidogo kwa ajili ya heshima.

Ndani ya nyumba mumewe, Hilding, alikuwa mezani na Biblia yake, anatayarisha neno la Jumapili. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa ameendesha gari la kuondoa theluji, na kwa miaka karibu hiyo hiyo alikuwa mhubiri katika nyumba ya sala ya Kvarnsele. Watu wa nyumba ile hawakuwa wakikata bima. Walisema mtu anayemtegemea Mungu hana haja ya kuilipa kampuni ya mjini imtegemee kwa niaba yake. Ghala likiungua, ndugu walikuja na nyundo. Ng'ombe akifa, boksi la mchango lilizungushwa baada ya ibada na kila nyumba ikatia ilichoweza. Gari la Hilding lilikuwa na bima kwa kuwa sheria inalazimisha, na hiyo aliiita ya Kaisari. Aliilipa kila mwaka huku amekunja uso.

Chini ya meza, juu ya soksi za Hilding, alilala Prosten. Alikuwa mbwa wa miguu mifupi na mwili mrefu kama benchi, mweusi, mwenye baka jeupe kooni lililokaa kama kola ya kasisi. Ndiyo maana Hilding alimpa jina hilo, lenye maana ya mkuu wa makasisi, akiwadhihaki makasisi wa kanisa kubwa la mjini. Ulikuwa ndio mzaha pekee ambao Hilding alikuwa nao, na alikuwa akiusimulia kwa mwaka wa tisa sasa.

Alfhild aliisoma barua bafuni, mlango umefungwa kwa komeo. Kampuni ilimpongeza kwamba Prosten anatimiza miaka tisa, na kwa sababu ya pongezi hizo ilipandisha malipo ya mwaka kutoka krona elfu nne mia tisa na ishirini hadi elfu saba mia nane na sitini. Mwisho wa kulipa ni tarehe thelathini. Asipolipa, bima inakufa, na mbwa wa umri huo hapokelewi tena.

Fedha za bima zilitoka kinamasini. Kila Agosti Alfhild aliingia huko na ndoo zake, mbu wakimla mpaka masikioni, akachuma yale matunda ya manjano ambayo watu wa kusini wanayanunua kwa bei ya dhahabu. Mnunuzi aliziingiza pesa kwenye akaunti yake Alfhild. Hilding hakuwahi kuuliza zinakwenda wapi, alidhani ni uzi. Kwa hesabu za Hilding, mkewe alikuwa na uzi wa kuivisha Stockholm yote soksi.

Lakini mwaka huu baridi kali ilishuka katikati ya Juni ikaunguza maua. Alipata ndoo mbili tu. Ndani ya akaunti kulikuwa na elfu tatu na mia moja. Barua ilisema kwamba anaweza pia kulipa kidogo kidogo kila mwezi, mia sita hamsini na tano. Lakini malipo ya kila mwezi yangeleta barua kumi na mbili kwa mwaka, na mwezi wa Julai hakuna theluji ya kufagia.

Aliikunja barua, akavuta maji ya choo ili mumewe asikie, akatoka.

Mtu mmoja tu alijua siri ile. Naye ni Tyra, mke wa Valfrid, mwenyekiti wa nyumba ya sala. Kila vuli wanawake hao wawili waliwasha tanuri katika kibanda cha mikate, wakaoka mikate myembamba ya kuwatosha mpaka masika, na siku hizo mbili za kuoka zilikuwa ndizo pekee ambazo wanaume hawakusogea, maana aliyesogea alipewa kuni apasue.

Tyra alisukuma donge la unga kwa mti, akauliza bila kugeuka, katika miaka minane ya kumkatia mbwa bima kwa siri, kampuni imemlipa Alfhild kiasi gani.

Alfhild akasema haijamlipa kitu.

"Hata alipokula sumu ya panya?"

"Hata hapo. Hilding alilipa hospitali mwenyewe, elfu sita. Ningedai, kampuni ingetuma karatasi nyumbani."

Tyra aliuweka chini mti wa kusukumia. Alikumbuka vizuri habari ya sumu ya panya, kwa kuwa Hilding alikuwa ameitolea ushuhuda mbele ya watu wote, jinsi alivyopiga magoti sakafuni pamoja na mbwa, na jinsi mbwa alivyotapika saa ile ile.

"Ngoja nielewe, dada," alisema Tyra. "Unalipa bima ambayo huwezi kuitumia."

"Nalipa nipate usingizi."

"Usingizi wa elfu nane. Malkia mwenyewe halali kitanda cha bei hiyo." Akacheka mpaka unga ukamwingia puani, na Alfhild naye akacheka, ingawa hakuwa na hamu. Kisha Tyra alizungumza taratibu, kama mtu anayemvisha mtoto viatu. Alimwambia kwamba kwa zile fedha angeshanunua mbwa watatu na wa nne akapewa bure, kwamba Prosten ni mzee na anakula vizuri na anatembea vizuri, na kwamba siri ya miaka minane inatosha kwa mwanamke anayeketi benchi la mbele. Aiache ife. Tarehe thelathini ifike, asifanye lolote, na kuanzia kesho yake atakuwa mtu asiye na kitu cha kuficha.

Alfhild aliugeuza mkate kwa kijiti. Alisema kwamba Tyra amesema kweli. Walipomaliza walikuwa na mikate mia mbili na arobaini, na jambo lilikuwa limekwisha amuliwa. Usiku ule alilala vibaya kuliko miaka yote minane, lakini aliona ni mgongo tu kwa ajili ya kuinama.

Alhamisi, tarehe ishirini na saba, Prosten aliruka kutoka kwenye benchi la jikoni kama alivyoruka kila asubuhi, na miguu ya nyuma haikumpokea. Alijikokota hadi kwa Hilding kwa miguu miwili ya mbele, nyuma ikiburuzika kama gunia, akamtazama usoni bila kulia.

Hilding alitungua koti lake la Jumapili kwenye msumari, akamfunga mbwa ndani yake, na kilomita mia moja na kumi kwenda mjini alizikata kwa mwendo ambao angemshitaki kijana yeyote aliyeendesha hivyo. Alfhild alikaa nyuma, kichwa cha mbwa mapajani. Alikuwa anahesabu siku. Bima ilikuwa na siku tatu za uhai.

Katika hospitali ya wanyama dada wa mapokezi, msichana mpole mwenye pini ya moyo kifuani, aliuliza kama anavyomwuliza kila mtu. Jina la mbwa, umri, ana bima?

"Sisi hatuna bima," alisema Hilding, kwa sauti ile ya mimbarani. "Tunalipa wenyewe."

Mwanamume aliyekuwa na paka kwenye kikapu akainua macho. Mama mmoja mwenye mbwa mkubwa wa kijivu naye akainua macho, kisha akayashusha haraka na kumshika mbwa wake ukosi.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya mkulima. Alimbonyeza Prosten vidole vya nyuma kwa koleo na Prosten hakuhisi kitu. Akaeleza kwamba kipande cha katikati ya pingili za uti wa mgongo kimetoka mahali pake kinabana mshipa wa fahamu. Akipasuliwa leo, atatembea. Akingoja hadi kesho, pengine hatatembea kamwe. Gharama ni elfu hamsini na mbili, na kwa kuwa hawana bima, nusu hulipwa kabla ya kuanza. Aliyasema haya akimtazama mbwa, kwa adabu.

Kisha dada wa mapokezi akawauliza kama wangependa kukaa katika chumba kidogo wafikirie kwa utulivu. Walipelekwa humo. Palikuwa na viti viwili vya kitambaa, mshumaa usiowashwa, na boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Kila mwenye mbwa mji ule alijua chumba hicho ni cha kuamua kama mbwa achomwe sindano ya mwisho.

Hilding aliketi na koti lake mapajani, na mbwa ndani ya koti. Alisema kwamba wana elfu thelathini walizoweka akiba ya kujenga upya dohani, bomba la moshi. Kisha akasema kwamba dohani haiwezi kupita majira mengine ya baridi, fundi amesema moto utatokea darini. Kisha akasema, "Labda," na neno la pili halikuja. Aliweka kiganja juu ya kichwa cha Prosten, kikakifunika chote.

Alfhild alikuwa hajapata kumwona Hilding akikosa neno la pili.

"Hilding," alisema, "kuna jambo."

Mlango ukafunguliwa. Dada wa mapokezi alikuwa na kidude cha plastiki mkononi, akaomba radhi, ni utaratibu tu, kila mbwa lazima asomwe namba yake. Akakipitisha shingoni kwa Prosten mahali palipokuwa na chipu, kikalia kama ndege. Akaitazama kompyuta yake ya mkononi, akakunja uso.

"Lakini huyu ana bima," alisema. "Imelipwa. Inakwisha Jumapili hii."

Hilding alimwambia kwa upole kwamba amekosea mbwa.

"Prosten, mweusi, amezaliwa Oktoba. Mwenye bima ni Alfhild." Msichana akatazama huku, akatazama kule, akaelewa kwamba ameingia mahali pasipomhusu. Akasema kampuni italipa elfu thelathini na tisa na mia mbili, sehemu yao ni elfu kumi na mbili na mia nane, akaiweka fomu mezani karibu na mshumaa, akatoka kinyumenyume.

Hilding alimvuta mbwa karibu na kifua.

"Miaka mingapi?" aliuliza Hilding.

"Minane."

"Kwa pesa gani?"

"Za matunda."

Hilding aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayekadiria theluji kwa macho. "Nami nilidhani uzi," alisema. Kisha: "Na ile ya sumu ya panya? Nilisimama mbele za watu nikasema nimeomba na Mungu amejibu. Kumbe nyuma yangu kulikuwa na kampuni."

"Kampuni haikujua lolote. Sikudai hata senti. Ushuhuda wako ni wako, haujaguswa."

Hilding alimtazama. Pembe ya mdomo wake ilicheza, lakini aliidhibiti.

"Ulilipa miaka minane," alisema, "na siku ya kulipwa ukaacha nilipe mimi."

"Ndiyo."

"Ulinichukulia mjinga, Alfhild."

"Nilikuchukulia mtu mwenye msimamo. Mbwa ndiye hana msimamo, yeye ana mgongo."

Nje, yule paka wa kikapuni alilia mara moja. Hilding aliichukua fomu, akaisoma yote, mpaka maandishi madogo ya chini, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusoma kila kitu mpaka chini. Palipoandikwa mwenye bima palikuwa na jina moja tu. Akaisukuma mezani.

"Saini basi," alisema. "Jina ni lako, kosa ni lako. Mbwa ni wetu."

Prosten alirudi nyumbani Jumamosi, amenyolewa mgongo mzima, na mshono mrefu kama zipu. Daktari aliwapa karatasi ya mazoezi na onyo moja: mbwa wa aina hii akitokwa na kipande kimoja, mara nyingi cha pili hufuata ndani ya mwaka. Akauliza bima inaendelea? Alfhild alimtazama Hilding, na Hilding alitazama funguo za gari.

Ijumaa Hilding alikuwa hajalizungumza jambo la bima. Jumamosi vilevile. Alimbeba mbwa kwenda nje na kumrudisha, akamshikilia nyuma kwa taulo ili asianguke, akamsemesha mambo mengi kuhusu hali ya hewa, na Alfhild hakusemeshwa zaidi ya chumvi na mkate. Alfhild hakulipa. Jambo la siri hakutaka tena, na jambo la wazi lilihitaji neno la Hilding. Mia sita hamsini na tano tu zingetosha kuanza kulipa kwa mwezi, na alikuwa nazo. Neno ndilo hakuwa nalo.

Ikafika Jumapili, tarehe thelathini.

Hilding alihubiri kifupi. Baadaye wote wakashuka chini kwenye kahawa, meza ndefu, mikate ya mdalasini, biskuti za aina saba kama ilivyo desturi, kila mwanamke akijua ya mwenzake ni ipi na imekauka kiasi gani. Habari za Prosten zilikuwa zimetangulia, maana mwenye duka alikuwa na dada mjini. Valfrid akagonga kikombe kwa kijiko. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti laini, aliyependa mambo yaende kwa utaratibu. Akasema kwamba Ndugu Hilding amepatwa, na kwamba ndugu hawakusubiri kuombwa. Boksi lilikuwa limezungushwa asubuhi kabla Hilding hajafika. Akaiweka bahasha mbele yake, nene. Elfu tisa mia nne na hamsini.

Alfhild alimwona mumewe akiitazama bahasha. Angeweza kuipokea. Hakuna aliyejua isipokuwa Tyra, na Tyra alikuwa ameinamia birika la kahawa kwa bidii kubwa.

Hilding alisimama.

"Siwezi kuichukua," alisema. "Mbwa wetu ana bima."

Mtu mmoja mwisho wa meza aliuliza tangu lini, na Hilding akajibu miaka minane, akasimama pale amebeba miaka yote minane peke yake, bila kumtaja mtu. Mzee mmoja alitikisa kichwa polepole. Wengine walitazama biskuti.

Alfhild aliona haya ya mumewe kuliko alivyowahi kuona yake. Akasukuma kiti nyuma.

"Ni mimi," alisema. "Yeye amejua Alhamisi. Nililipa kwa pesa za matunda, nikaficha barua. Kama kuna wa kusemwa, nisemwe mimi."

Katika chumba kile wanawake hawakuzoea kusimama ila kumimina kahawa. Valfrid alikohoa. Hakuwa mtu mbaya, na alitafuta njia ya kuwatoa wote pale bila mtu kuumia. Aliuliza kama hiyo bima bado ipo.

"Inakwisha leo," alisema Alfhild.

Uso wa Valfrid ulitulia. "Basi Mungu mwenyewe ametupa mlango," alisema kwa sauti laini. "Iacheni iishe. Pokeeni mchango, ndugu wameutoa kwa moyo. Kuanzia kesho hakuna bima, na hakuna atakayelitaja jambo hili tena. Mbwa akipatwa mara ya pili, tutazungusha boksi."

Watu wakapumua. Lilikuwa neno zuri, na bahasha ilikuwa nene. Alfhild alijua boksi haliwezi kuzungushwa mara mbili kwa mbwa mmoja. Watu wangetoa, lakini wangetoa wakimtazama. Alijua pia kwamba akifungua mdomo mara ya pili atakuwa amempita mumewe mbele za watu. Akabaki amesimama, vidole juu ya kitambaa cha meza, akimngoja.

Hilding aliirudisha bahasha kwa Valfrid, polepole, ikipita kati ya sahani.

"Mpelekeeni mjane wa Ruben, hana kuni," alisema. Kisha akageuka. "Dada Tyra, wewe unalipa vitu kwa simu. Unaweza kulipa sasa hivi?"

Tyra alikuwa na simu mkononi kabla swali halijakwisha.

"Hilding," alisema Valfrid, na mara hii sauti haikuwa laini sana. "Leo ni Jumapili."

Hilding alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki na swali lilikuwa la haki. Miaka yote hakununua hata kiberiti siku ya Jumapili.

"Ng'ombe wako akitumbukia kisimani siku ya sabato, Valfrid," alisema, "unamtoa au unangoja Jumatatu?"

"Namtoa. Imeandikwa. Lakini huyu si ng'ombe."

"Ni mbwa. Na mara ya kwanza ametumbukia Alhamisi, nimemtoa. Nimeambiwa na daktari kwamba atatumbukia tena. Kisima nakijua kilipo, na mfuniko unauzwa mpaka leo."

Mzee aliyetikisa kichwa hapo awali alianza kukitikisa tena, akaacha katikati, akachukua biskuti.

Tyra aliuliza namba ya bima. Alfhild aliisema kwa moyo, tarakimu tisa, bila kusita, na hapo baadhi ya wanawake wakashindwa kujizuia, wakacheka ndani ya vikombe. Hilding alivaa miwani, akasogea karibu na simu kama anayesaidia, ingawa hakujua abonyeze wapi.

"Ni kiasi gani?" aliuliza, kana kwamba jambo hilo ni dogo.

"Mia sita hamsini na tano," alisema Tyra.

"Kwa mwaka."

"Kwa mwezi, ndugu yangu."

Hilding akavua miwani. Akamtazama mkewe, aliyekuwa bado amesimama upande wa pili wa meza, mwanamke aliyeliwa na mbu Agosti nane mfululizo bila kusema neno. Akafumba macho kama mtu anayeng'olewa jino.

"Lipa," alisema.